Helikopta Ndogo ya Rimoti kwa Anayeanza Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Helikopta ya gramu thelathini au arobaini, inayokaa kiganjani, huvutia kila anayeiona ikielea sebuleni. Kisha maswali huanza. Hapa tumeyakusanya yale yanayorudi kila mara, na majibu yake yamelengwa mkaazi wa Mombasa, kwa sababu upepo wetu, joto letu na feni zetu za dari huamua mengi kuliko yaliyoandikwa kwenye boksi.

Sijawahi kushika rimoti maishani. Ninunue ipi?

Nunua yenye rota mbili zilizopandana juu ya mhimili mmoja, zinazozunguka kinyume. Syma S107G ndiyo inayojulikana zaidi katika aina hii, na bado inafaa. Rota moja inapozungushwa kulia, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka kushoto. Helikopta kubwa za kawaida huzuia hilo kwa rota ya mkiani inayosukuma upande. Zenye rota mbili hazina haja hiyo, maana nguvu za rota hizo hufutana. Matokeo yake ni kwamba ukiachia vijiti vya mwelekeo, helikopta inatulia yenyewe, nawe unapata nafasi ya kufikiri.

Juu kabisa utaona ufito mwembamba wenye vizito viwili kwenye ncha. Si pambo. Ufito huo hupenda kubaki katika usawa wake, na huivuta rota ya juu irudi sawa kila helikopta inapoinama. Mmarekani Arthur Young ndiye aliyebuni ufito wa namna hiyo uliotumika kwenye Bell 47, helikopta iliyopata cheti cha matumizi ya kiraia Marekani mwaka 1946. Ukiupinda ufito huo, helikopta itayumba, kwa hiyo usiinue kwa kuushika.

Kama una subira na una nafasi, waweza kuruka hatua hiyo na kuanza na rota moja yenye chaneli nne, yaani vitendo vinne unavyoviongoza kwa rimoti, kama WLtoys V911S. Itakutesa wiki za mwanzo, lakini utakachojifunza hapo hutalazimika kukisahau baadaye. Kwa mtu anayejua tayari kwamba anataka kuendelea na mchezo huu, mimi ningemwambia aanze na hiyo. Kwa anayetaka kufurahi jioni na watoto, rota mbili.

Boksi limeandikwa "chaneli 3.5". Hiyo nusu ni nini?

Aghalabu ni taa, au kitufe cha kubadilisha kasi, au jairo, kile kifaa cha ndani kinachoizuia isijizungukie ovyo, ambayo ilipaswa kuwamo hata hivyo. Usilipie nusu.

Hesabu kwa vitendo. Chaneli mbili: kupanda na kushuka, kugeuka kulia na kushoto. Ya namna hiyo huenda mbele yenyewe, na huwezi kuisimamisha hewani mahali pamoja. Iache dukani. Chaneli tatu: ongeza kwenda mbele na kurudi nyuma. Katika S107G kazi hiyo hufanywa na rota ndogo ya mkiani inayotazama juu: ikiinua mkia, pua inainama na helikopta inasonga mbele. Chaneli nne: ongeza kwenda pembeni bila kugeuza pua. Hapo ndipo unapoanza kuirusha kama helikopta ya kweli. Chaneli sita ni habari nyingine, tutaifikia.

Ile inayojishikilia yenyewe kwenye kimo kimoja, kwa kupima shinikizo la hewa, ni rahisi zaidi kwa anayeanza. C129 ni mfano mmoja. Kasoro yake ni kwamba mlango ukifungwa kwa kishindo, au feni ikiwa inazunguka, kipimo hicho kinachanganyikiwa na helikopta hupanda au kushuka bila kuambiwa.

Sebule yangu ni ndogo na ina feni ya dari. Itawezekana?

Chumba cha mita tatu kwa nne kinatosha kwa rota mbili. Kwa V911S tafuta ukumbi mkubwa zaidi, au hamisha viti.

Feni izimwe, na izimwe mapema. Anayezima swichi na kupaa papo hapo hukuta mapanga ya feni bado yanazunguka polepole, nayo yakiigonga helikopta, hugonga vilevile. Hata feni ikiwa imesimama kabisa, usipae chini yake. Ajali nyingi za siku ya kwanza ni za namna moja: mtu anaona helikopta inaelekea ukutani, anashtuka, anasukuma kijiti cha kupandisha hadi juu, na helikopta inakwenda kujipachika darini.

Madirisha nayo ni shida ya aina mbili. Pepo za kupita kutoka dirisha hadi dirisha, ambazo ndizo zinazofanya nyumba za Mji wa Kale zikalike, huibeba helikopta ndogo bila taabu. Na kama yako inatumia infraredi, miale isiyoonekana badala ya redio, jua linaloingia dirishani litakata mawasiliano. Funga mapazia, vumilia joto la dakika saba, kisha fungua.

Watu wengi pia huogopa kupaa juu na hubaki na helikopta sentimita kumi kutoka sakafuni. Ni pale pagumu zaidi. Hewa inayosukumwa chini na rota inagonga sakafu na kurudi, na helikopta inateleza kama mtu mwenye kandambili kwenye sakafu iliyomwagika sabuni. Ipandishe upesi hadi usawa wa kiuno, ndipo uanze kuituliza.

Infraredi au redio?

Redio ya 2.4 GHz, kama mfuko unaruhusu. Infraredi ni ileile ya rimoti ya televisheni: haivuki ukuta, haipendi jua, na masafa yake ni kama mita kumi tu ndani ya nyumba. Ukiishika rimoti ukiwa umeipa helikopta mgongo, inaweza kupotea. Tena mkiwa ndugu watatu mnataka kurusha pamoja, nyingi za infraredi zina njia mbili tu, A na B. Wa tatu atangoja zamu.

Hata hivyo, infraredi si ubaya kwa anayeirusha ndani tu, usiku, mtu mmoja. Ni rahisi na inafanya kazi.

Naweza kuirusha Mama Ngina, au ufuoni Nyali?

Swali hili huulizwa na kila mtu, na jibu letu huwaudhi wengi: kwa helikopta ya chini ya gramu hamsini, karibu siku zote hapana.

Tunaishi kwenye upepo. Kusi huvuma tangu kama mwezi wa nne, ikizidi nguvu mwezi wa sita na wa saba. Kaskazi inashika kuanzia Disemba hadi Machi. Katikati ni maleleji, ambapo upepo hubadilika-badilika na siku nyingine hutulia kabisa. Juu ya hayo kuna upepo wa bahari wa kila siku, unaoanza jua linapopanda na kuzidi alasiri. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni akaenda ufuoni na helikopta ya rota mbili atairusha mara moja tu. Ya rota mbili hutulia kwa sababu inajinyoosha yenyewe kila ikiinama, lakini kwa sababu hiyohiyo haiwezi kuinama vya kutosha kupambana na upepo. Unasukuma kijiti mbele hadi mwisho, nayo inarudi nyuma huku ikitazama mbele kwa heshima zote.

Ukitaka nje, amka. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, wakati wa maleleji, kwenye uwanja uliozungukwa na ukuta au majumba, hewa hutulia vya kutosha kwa V911S. Tazama majani ya mwarobaini: yakicheza, rudi ndani. Epuka minazi, maana helikopta ikinasa kwenye kuti haishuki mpaka umpate mkwezi. Na kunguru wetu ni wachokozi. Wakianza kuizunguka, iteremshe.

Ufuoni pana adui mwingine, mchanga. Ukiingia kwenye gia, husaga meno ya plastiki, na mota yenye brashi ikivuta mchanga ndani haina dawa. Kama lazima uende, tandika mkeka, upae na kutua hapo hapo.

Sheria inasemaje? Nitakamatwa?

Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Drone husajiliwa, na kuirusha au kuiingiza nchini kunahitaji idhini ya mamlaka hiyo. Unachofanya ndani ya sebule yako hakigusi anga la mtu. Ukitoka nje, ulizeni KCAA kwanza kuhusu kifaa chako, hata kama ni kidogo, na msikubali jibu la muuza duka.

Mahali penyewe pa kukaa mbali napo mnapajua. Uwanja wa ndege wa Moi uko upande wa Changamwe na Port Reitz, bandari iko Kilindini, na kambi ya jeshi la majini iko Mtongwe. Askari aliye langoni hataanza kuuliza ina chaneli ngapi.

Na majirani pia. Kwenye nyumba zilizobanana, helikopta ikivuka ukuta inaingia uani kwa watu, ambako pengine wanawake wamekaa bila shungi. Piga hodi mlangoni, toa salamu, omba urudishiwe. Usipande ukuta.

Ami yangu anakuja kutoka Dubai. Nimwagize huko?

Mwagize, lakini umpe jina kamili la modeli, si "helikopta nzuri". Mwambie pia alete betri za akiba na seti mbili za mapanga ya modeli hiyohiyo. Betri za akiba za lithiamu hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, haziruhusiwi kwenye sanduku la chini ya ndege, na vichwa vyake vifunikwe kwa utepe zisigusane. Ami asipoambiwa hilo mapema, betri zitabaki uwanja wa ndege.

Ukiagiza mtandaoni, hakikisha muuzaji anaandika kitu kwa jina lake halisi. Helikopta ya kuchezea ikiandikwa "drone" kwenye karatasi za forodha, umejitafutia maelezo marefu.

Dukani niulize nini?

Maduka ya vitu vya kuchezea na ya elektroniki mjini, kuanzia Digo Road hadi kwenye majumba ya biashara ya Nyali, huwa nazo mara kwa mara. Uliza mambo matatu. Betri inatoka au imechomelewa ndani? Vipuri vyake vipo? Naweza kuiona ikipaa?

La kwanza ni zito kuliko linavyoonekana. Katika S107G betri imo ndani, ya volti 3.7 na mAh 150. Unairusha kama dakika sita au saba, kisha unaichaji karibu saa nzima. Betri ikichoka baada ya miezi, lazima mtu mwenye kichomeo aifungue. V911S betri yake inachomoka. Ukiwa nazo nne unarusha karibu nusu saa, na mazoezi hasa ndiyo hayo. Kati ya helikopta ya bei ya juu yenye betri moja na ya bei ya kati yenye betri nne, chukua ya pili bila kujadiliana.

La vipuri: modeli isiyo na jina, nzuri kwa rangi, iliyovunjika panga moja, ni takataka. Duka moja mjini liliniuzia "mapanga yanayoingia zote". Hayakuingia yoyote.

Usisahau rimoti yenyewe. Ya S107G inataka betri ndogo sita za AA, nazo za bei rahisi huisha kabla hujapata raha. Nunua za kuchajika.

Rimoti nyingine kijiti cha kupandisha kiko kulia. Kuna tofauti?

Kuna, na ni ya kudumu. Mpangilio wa pili, "modi 2", una kijiti cha kupandisha kushoto. Modi 1 inacho kulia. Mikono ikishazoea mmoja, mwingine unakuwa adhabu. Chukua modi 2, kwa sababu ndiyo inayouzwa zaidi hapa, na kila utakayemuomba msaada anaijua.

Betri: nichaji vipi, na kweli zinalipuka?

Zinaweza kushika moto zikidhulumiwa. Seli moja ya lithiamu polima ikijaa ni volti 4.2, na haipendi kushushwa chini ya 3. Helikopta ikianza kukosa nguvu ya kupanda, shuka. Usiikamue mpaka taa zififie, kwa sababu dakika hiyo moja ya mwisho inakula umri wa betri kuliko dakika tano za mwanzo.

Ikitoka hewani ina joto, na Mombasa ya Februari yenyewe ina joto. Iache robo saa ipoe ndipo uichaji. Iweke juu ya kigae au sahani ya udongo, isiwe juu ya godoro wala kochi, na mtu awe macho. Kuchaji usiku ukiwa umelala, hapana. Betri iliyofura kama mandazi haichajiwi tena hata mara moja. Na usiziache kwenye gari lililoegeshwa juani.

Ukitaka kuziweka wiki kadhaa bila kuzitumia, ziache katikati, kama volti 3.8, si zimejaa wala hazina kitu.

Stima ikipotea, chaja ya USB hufanya kazi kwenye pawabenki. Lakini pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni kidogo mno, na hizi betri huvuta kidogo. Chomeka simu pamoja nayo, itabaki macho.

Inazunguka tu kama pia. Ni mbovu?

Pengine si mbovu. Kwanza, ulipoiwasha uliiweka wapi? Jairo hujipima sekunde za mwanzo. Ukiwa umeishika mkononi au iko juu ya mto, imejipima vibaya. Izime, iweke sakafuni pakiwa sawa, iwashe, usiiguse mpaka taa itulie. Kisha tumia kitufe cha trimu kwenye rimoti, kile cha kusawazisha mwelekeo kidogokidogo, taratibu, kinyume cha upande inakozungukia.

Bado? Tazama mhimili kwa karibu. Nywele na nyuzi za zulia hujiviringa chini ya rota ya chini, mahali ambapo huzioni mpaka uielekeze kwenye mwanga, na rota moja inapunguza kasi. Zitoe kwa sindano. Kisha tazama vile viungo vidogo vya plastiki vinavyounganisha ufito na rota. Kimoja kikichomoka, utahangaika na trimu mchana kutwa. Zungusha kila rota kwa kidole: zote ziwe nyepesi sawa.

Hapa pwani kuna na chumvi. Helikopta inayokaa karibu na dirisha la upande wa bahari hushika kutu kwenye skrubu na beringi. Ifute, iweke kwenye kopo lenye kifuniko, na mara mojamoja utie tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye mhimili. Tone. Mafuta mengi hukusanya vumbi.

Panga limepasuka. Nalitia gundi?

Badilisha. Panga lenye gundi ni zito upande mmoja, na mtetemo wake hula beringi na kuidanganya jairo. Kwenye rota mbili, ya juu na ya chini huzunguka kinyume, kwa hiyo mapanga yake si sawa; yana alama A na B karibu na tundu la skrubu. Ukiyachanganya haipai. Skrubu usiikaze mpaka mwisho: panga liwe linaning'inia na kucheza lenyewe ukiinamisha helikopta. Likiwa gumu, litavunjika katika kishindo cha kwanza badala ya kukunjika nyuma.

Jambo linalookoa mapanga kuliko yote ni kushusha kijiti cha kupandisha hadi chini *kabla* ya kugonga. Mapanga yaliyosimama hayavunjiki ovyo, na mota haiungui kwa kulazimishwa kuzunguka huku imenaswa pazia.

Mwanangu ana miaka sita. Anaweza?

Boksi nyingi zimeandikwa miaka 14 kwenda juu. Kwa umri wa sita, rota mbili tu, wewe ukiwa karibu, na yeye asimame. Mtoto aliyekaa sakafuni macho yake yako usawa wa mapanga. Nywele ndefu zifungwe, na ncha za leso zisining'inie.

Ya kamera je?

Usinunue. Kamera ni uzito, na katika ukubwa huu kila gramu unailipa kwa dakika za kuruka. Picha zake ni za kutetemeka. Ukitaka picha, unachotaka ni drone, na hapo unarudi kwenye lile jibu la KCAA.

Nimepata iliyotumika, bei poa.

Iwe na rimoti yake mwenyewe, maana za kampuni tofauti aghalabu hazisikilizani. Tazama betri isiwe imefura, zungusha mhimili mkuu ukiuangalia kutoka ubavuni uone kama ncha inachora duara, na hesabu meno ya gia. Kisha ipae mbele yako. Mwenye nayo akisema "betri tu ndiyo imeisha", mwambie utamngojea ichaji.

Lini nihamie ya chaneli sita?

Zile kama XK K110 hubadilisha pembe ya mapanga yenyewe badala ya kubadilisha kasi ya rota, na ndiyo maana zinaweza kuruka kichwa chini. Zinajibu mara moja, na zinavunjika mara moja.

Kipimo chetu ni hiki. Kwanza uweze kuishikilia hewani ukiwa nyuma ya mkia wake. Kisha ubavuni, kulia na kushoto. Kisha pua ikikutazama, ambapo kulia kwako ni kushoto kwake na mikono inataka kusaliti. Ukiweza kuishikilia V911S pua ikikutazama betri nzima bila kugusa kiti, uko tayari kuanza kwenye simuleta, yaani programu ya kurusha helikopta kwenye kompyuta. Anguka huko mara zote utakazotaka, ni bure. K110 inunue ukishachoka kuanguka huko, na ununue na gia za akiba siku hiyohiyo.